Ukiwa Ndani ya Nyumba Iliyojaa



Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, na mwaka 2021 Japani nayo ikafanya vivyo hivyo. Habari hizo zilipofika kwenye baraza zetu, wengi walicheka. Zilionekana kuwa vioja vya nchi za baridi, ambako mzee huishi peke yake na paka wake ghorofani, na watoto humzuru kwa miadi. Kwetu pwani nyumba zimejaa. Bibi hulala chumba kimoja na wajukuu watatu. Babu akikohoa usiku, watu wanne huamka kuuliza kulikoni. Upweke utaingilia mlango upi?

Juma hili twataka kuuonyesha mlango huo.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku hizi yachanganywa sana. Upweke ni hali ya kuwa peke yako, na mtu aweza kuwa katika upweke na moyo wake umetulia, kama aliyekaa itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ukiwa ni jambo jingine. Ni kule kujiona huna mwenzio, hata kama umezungukwa na watu pande zote nne. Wataalamu wa nafsi nao huyatenga mambo haya mawili: kuhesabu watu walio karibu na mtu ni kipimo kimoja, kumwuliza anavyojihisi ni kipimo cha pili, na majibu hayalingani sikuzote. Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyochunguza mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake mwaka 2025. Ilikadiria kwamba mtu 1 katika kila 6 ulimwenguni ana ukiwa, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vyahusishwa nao. Tena, waliosema kuwa wanajihisi hivyo walikuwa takriban asilimia 24 katika nchi za kipato cha chini, na takriban asilimia 11 katika nchi tajiri. Basi kicheko cha barazani kilikuwa cha haraka.

Ukiwa una vyanzo vingi: kufiwa na mwenzi, watoto kusafiri, miguu kukataa ngazi. Hapa tumechagua kimoja ambacho hakitajwi sana, nacho ni mzee kutofahamu yanayosemwa nyumbani mwake mwenyewe.

Aliyejaliwa umri mrefu hupungukiwa na usikivu kidogo kidogo, wala hapunguziwi sauti zote kwa pishi moja. Zinazotangulia kwenda ni sauti nyembamba za juu: mlio wa ndege, kengele ya simu na, katika maneno, zile herufi za pumzi kama s, sh, f na th, pamoja na t na k. Irabu zina nguvu na uzito, nazo hubaki miaka mingi. Kwa hiyo mzee hakosi kusikia kwamba mtu anasema. Aisikia sauti, ajua ni ya nani, ajua kama ina furaha ama ina hasira. Asichokipata ni kile sauti ilichokisema. Ndiyo sababu malalamiko yao ya kwanza huwa si "sisikii", bali ni "siku hizi watu wanasemea ndani ya midomo."

Kiswahili nacho kina njia yake ya kumtesa mzee huyu. Zitazame saa sita na saa tisa. Irabu ni zile zile kwa mpangilio ule ule. Tofauti yote imekaa kwenye s na t zilizobadilishana nafasi. Mzee aliyeambiwa kwamba gari la kumpeleka hospitali litafika saa tisa, akavaa kanzu na kuketi mlangoni tangu saa sita, hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na herufi mbili. Au yachukue maneno amefika, amepika, amezika na ameshika, ambayo yametengwa na herufi moja moja tu, na kila moja lina msiba ama karamu yake. Na vitenzi vyetu hubeba wakati katika silabi moja ya katikati: amekuja, anakuja, atakuja. Silabi hiyo ikififia, mtu aliyekwisha wasili na anayengojewa kesho huwa hawana tofauti.

Linalowapoteza jamaa ni kwamba mzee huyo huyo, akikaa na mtu mmoja uso kwa uso mahali palipotulia, huelewa karibu kila kitu. Macho huyasaidia masikio kwa kuisoma midomo, na akili iliyoishi na lugha kwa miaka sabini yajua kukisia. Hebu mchukueni sasa mumkalishe ukumbini baada ya magharibi: televisheni yasoma habari, feni yavuma, tuktuk zapita chini ya dirisha, na watu watano wasema kwa pamoja. Hapo hushika neno moja katika matatu. Wenye nyumba wakiyaona yote mawili huhukumu kwamba mzee "husikia anapotaka". Ni hukumu ya dhuluma, ijapokuwa hutolewa kwa mzaha. Hakuchagua lolote, kilichobadilika ni chumba.

Kuna na fumbo jingine la nyumbani. Mzee asema, "Inua sauti." Mjukuu ainua. Mzee akunja uso: "Wanipigia kelele za nini?" Watoto hucheka mpaka wakalala chini, nasi hatuwalaumu sana, kwani laonekana ni kinyume. Lakini sikio lililozeeka ndivyo lilivyo. Sauti ndogo hailifikii na sauti kubwa yaliumiza, na nafasi iliyobaki katikati ni finyu. Isitoshe, anayepaza sauti huzikuza zaidi irabu, ambazo mzee alikuwa akizisikia tangu mwanzo, na huvaa uso wa ugomvi bila ya kujua.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Mwingereza, Patrick Rabbitt, alichapisha majaribio yaliyokuwa mepesi kwa sura yake. Aliwasikilizisha watu tarakimu zilizochanganywa na mvumo wa kelele. Walizitambua sawasawa, lakini walipotakiwa kuzikumbuka, walikumbuka chache kuliko zile zilizosikika bila ya taabu. Nguvu zilizotumika kuzinasa hazikubaki za kuziweka. Yafaa kulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo lifanyalo mtu adhani kumbukumbu ya mama yake imeharibika. Mama alilisikia neno, akaitikia, na baada ya nusu saa halimo tena. Halikumtoroka kwa sababu ya kusahau. Halikupata kuwekwa vizuri. Na yeye yumo katika jaribio hilo kila siku, tangu alfajiri hadi isha. Uchovu anaoulalamikia jioni, hali hakubeba hata ndoo ya maji, asili yake moja ni hiyo.

Anayechoka hujikinga. Mwanzoni mzee huuliza, kisha huona haya kuuliza mara ya pili. Hujifunza kutabasamu wengine wanapotabasamu, na kuitikia "naam, alhamdulillahi" kwa kila kinachosemwa. Mizaha ndiyo humponyoka kwanza, maana kichekesho hutamkwa upesi, na mara nyingi kwa sauti ya chini, na asiyecheka na wenzake huonekana amenuna. Mwisho baraza huwa kazi, na siku moja husema magoti yanamwuma, akabaki chumbani. Wanawake huacha kwenda kwenye harusi, ambako ngoma na vipaza sauti havimwachi mtu mwenye masikio mazima akazungumza, sembuse wao. Twasema penye wazee haliharibiki neno. Sharti neno lenyewe liwafikie kwanza.

Sasa tuje kwa maneno mawili ambayo pengine husemwa katika nyumba zetu zaidi ya yote tuliyoyataja. Bibi auliza watu wamecheka nini. Ajibiwa: "Si kitu, bibi."

Anayeyasema hana nia mbaya. Habari ilikuwa ndogo, kuirudia ni kazi, na mazungumzo yamekwisha songa mbele. Lakini sikilizeni kinavyomfikia aliyeambiwa. Kulikuwa na kitu, watu saba wamekipata, na yeye ameamuliwa kwamba hakimhusu. Hilo likirudiwa mara kumi kwa siku, mtu hahitaji kuwa peke yake ili awe mkiwa.

Katika Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewataja wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Katika aya hiyo ya 23, baada ya kutajwa uzee, hakikutangulizwa chakula, wala nguo, wala dawa. Umetangulizwa ulimi: umekatazwa hata ule mguno mdogo wa kuchoshwa, kumekatazwa kukaripia, kisha yakaamrishwa maneno ya heshima. Sisi si wafasiri, na wenye elimu watatusahihisha. Ila twaona kwamba mahali ambapo mguno ule hututoka kwa wepesi zaidi ni pale mzazi anaposema "nini?" kwa mara ya tatu.

Tunamfahamu bibi mmoja wa Mombasa ambaye umri wake umepindukia miaka themanini, na watu wake wameturidhia tulisimulie jambo lake bila ya majina. Bibi huyu kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akishauriwa katika ukoo kila ilipoletwa posa. Alijua nani alinyonyeshwa na nani, nani ana deni la heshima kwa nani, na ugomvi gani ulizikwa bila ya kusuluhishwa. Katika miaka miwili hivi alianza kujibu mambo upande. Akiulizwa kuhusu dawa, hujibu kuhusu kaka. Wanawe wakaanza kunong'ona kwamba akili yake imerudi utotoni. Ikaja posa ya mjukuu wake. Jioni, watu wakiwa wamejaa ukumbini, binti yake alimwambia kwa furaha, "Mama, imekuja posa!" Bibi alisikia "kosa". Akauliza kwa hofu, "Kosa la nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na binti, akifuta machozi ya kucheka, akasema si kitu, mama. Hakuna aliyerudi. Bibi alijua kwamba kuna harusi alipoona viti vya kukodi vikiteremshwa mlangoni.

Miezi kadhaa baadaye, daktari aliyekuwa akimtazama kwa ajili ya sukari aliyaangalia masikio yake. Moja lilikuwa limezibwa kabisa na nta. Lilisafishwa, na sehemu ya usikivu ikarudi siku ile ile. La pili lilikuwa limepungua kwa umri, na halikurudi. Jamaa walifurahi mno. Bibi mwenyewe hakuzungumza juu ya masikio. Aliuliza kwa nini hapakuwa na hata mmoja aliyemfuata chumbani kwake akamweleza posa ile kando, wakiwa wawili, kama ilivyo desturi. Harusi ilikuwa imekwisha pita, na binti yake atwambia kwamba hakuwa na la kujibu.

Isidhaniwe kwamba twawahimiza watu kuudharau usahaulifu. Maradhi ya usahaulifu ya uzeeni yapo, nayo yaandamana na haya tunayoyasema kwa karibu kuliko ilivyodhaniwa zamani. Mwaka 2011 Frank Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 639 kwa miaka mingi. Waliopungukiwa kidogo na usikivu walikuwa na hatari ya maradhi hayo karibu mara mbili ya wenye masikio mazima. Waliopungukiwa kwa kiasi cha kati, mara tatu. Na waliopungukiwa sana, karibu mara tano. Kuandamana si kusababisha, na wenyewe walilisema hilo. Kisha mwaka 2023 yakachapishwa majaribio makubwa zaidi, ya watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84. Nusu yao walipewa vifaa vya kusikilizia na mafunzo ya kuvitumia, na nusu wakapewa mafunzo ya afya ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla hakukuwa na tofauti ya maana katika akili zao. Lakini katika kundi la wale waliokuwa wazee zaidi na wenye hatari nyingi zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Na katika watu wale wale lilitazamwa jambo jingine, ambalo sisi limetugusa kuliko asilimia hizo: waliosaidiwa kusikia walimaliza miaka mitatu wakiwa na takriban mtu mmoja zaidi wa kuzungumza naye kuliko wenzao. Mtu mmoja ni hesabu ndogo ya kuandikwa kwenye jarida la wanazuoni, ila kwa mzee aliyekuwa na watatu ni jambo kubwa.

Mzee anayepotea njia ya msikiti aliouendea kwa miaka arobaini, ama asiyetambua tena kazi ya mikono yake mwenyewe, apelekwe hospitali bila ya kungoja. Na masikio yapimwe mwanzo. Maswali ya kupima kumbukumbu huulizwa kwa mdomo, na asiyelisikia swali hushindwa mtihani ambao hakuufanya.

Vipi basi tuseme nao? Hapa Profesa Susan Kemper wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyeitafiti lugha ya wazee kwa miongo kadhaa, ana mengi ya kutufaa. Aliichunguza ile sauti ambayo watu huwageuzia wazee, na ambayo twaijua sote: nyembamba, ya kubembeleza, ya "haya bibi, tunakula uji wetu sasa, eeh?" Aligundua kwamba mambo mawili ndani yake yalisaidia kweli. La kwanza ni kuacha kuzizungusha sentensi moja ndani ya nyingine. La pili ni kuongeza maelezo, yaani kulisema jambo tena kwa maneno mengine. Sauti ya kitoto, sentensi zilizokatwakatwa na kuyavuta maneno kupita kiasi hakukusaidia. Na hiyo sauti nyembamba ina ila ya ziada: inapanda mahali pale pale ambapo sikio limekwisha poteza. Mzee hamfahamu asemaye, ila heshima iliyovunjwa aifahamu barabara.

Umma wetu una mfano ulio mbele ya tafiti zote. Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilirudia neno lake mara tatu ili lifahamike. Na Bibi Aisha (R.A.) alieleza kuwa hakuwa akiyafuatanisha maneno kwa haraka kama wafanyavyo watu, bali aliyasema kwa namna ambayo mtu angetaka kuyahesabu angeweza. Hayo ni maneno yaliyopambanuka, yenye kituo baina yake. Si maneno ya kuvutwa kama mpira.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Muite mzee kwanza, ngoja akutazame, nawe uwe umesimama mahali ambapo mwanga waangukia uso wako, si nyuma ya kisogo chako. Taja mada kabla ya habari: "Ni kuhusu harusi ya Malindi." Akili yake ikishajua tumo chumba gani, yaweza kuziba mianya mingi yenyewe, na katika kazi hiyo ya kukisia kwa muktadha wazee ni hodari mno, hazina yao ya maneno huwa kubwa kuliko ya vijana. Neno likikataa, usilirudie lile lile kwa kishindo. "Saa tisa" haitakuwa "saa tisa" kwa kupigwa mayowe. Sema "karibu na alasiri", nalo litapita bila ya shida, kwa kuwa alasiri na adhuhuri hazifanani hata kwa irabu.

Hapo pana jambo ambalo utafiti wa Kansas haungeweza kulijua, nalo ni la kwetu. Babu wa Kimvita amwita mjukuu: "Ndoo!" Mjukuu aliyelelewa na Kiswahili cha shule na cha mitandaoni aenda kuchukua ndoo ya maji. Kisa hiki hurudiwa mijini kama mzaha, lakini kina upande wa pili usiochekesha. Wajukuu nao wanasema lugha ambayo nusu ni Sheng na robo ni Kiingereza. Sikio lililotoboka huziba matundu yake kwa maneno ambayo mwenye nalo anayajua. Neno asilolijua halizibiki. Kwa hiyo mzee wa Lamu au wa Mji wa Kale apoteza mara mbili, kwa sikio na kwa lugha, na kila upotevu wauzidisha mwingine. Hatutarajii vijana waache kusema kama vijana. Ila mtoto afundishwe Kimvita ama Kiamu cha nyumbani, ajue ndoo na ndia na mato, na awe na lugha ya kumwendea bibi yake. Kwa bibi, kusikia mjukuu akisema kama zamani ni kupunguziwa nusu ya kazi.

Nyumba nazo zina neno. Kuta nene za mawe ya matumbawe, mikeka na mazulia vilimeza sauti. Vyumba vya leo vya saruji na vigae huirusha sauti huku na huko mpaka maneno yakapandana. Zulia moja na mapazia mazito husaidia kuliko mtu adhanivyo. Wakati wa chakula televisheni izimwe. Kwenye futari mzee apewe mahali penye ukuta nyuma yake, mbali na feni, na wanaosema nae wawe mbele. Kamati za misikiti zitusamehe, lakini kipaza sauti kilichofunguliwa hadi mwisho hakifanyi khutba ifahamike. Huifanya isikike mpaka mtaa wa tatu, ilhali mzee wa safu ya kwanza hakuambulia ila mwangwi.

Kuhusu matibabu, nta isichokolewe kwa kipini cha nywele wala njiti, ipelekwe kliniki. Wenye sukari, ambao pwani ni wengi, wajue kwamba maradhi hayo huathiri na masikio. Baadhi ya dawa, kama sindano za jentamisini na kwinini ya kipimo kikubwa, nazo zaweza kuyadhuru, basi anayeanza kusikia mvumo baada ya kupewa dawa amwambie daktari upesi. Mashine ya masikio bei yake si ndogo, na shilingi 2,000 za Inua Jamii wanazopewa kwa mwezi waliofikia miaka 70 hazikaribii. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na ya kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Mtu ashiriki vipi katika mambo ambayo hayasikii? Swali hili twawaachia waliochaguliwa. Ukoo wenye kuchangiana kwa harusi waweza kuchangiana na kwa hili. Mashine ikishapatikana, ivumiliwe, kwani katika majuma ya mwanzo hurudisha kila kitu kwa pamoja, sufuria, milango na magari, na wengi huifungia kabatini kabla ya akili kuizoea. Hutolewa wakati wa udhu ili masikio yapakwe maji na chombo kisilowe, kisha ikarudishwa.

Tumalizie na walio mbali, kwa kuwa jarida hili huwafikia. Walioko Dubai, Jeddah na Maskati hupiga simu kila Ijumaa na kuona wametimiza wajibu. Simu ya sauti tupu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mzee: hakuna midomo ya kusomwa, na mtandao hukatakata zile herufi nyembamba zilizosalia. Simu ya video, uso ukiwa karibu na mwanga, ni afadhali. Na kuna ujumbe wa sauti wa kurikodiwa, ambao vijana huudharau kwa kuwa ni mrefu. Mama aweza kuusikiliza mara moja, mara tano, usiku peke yake kitandani, mpaka kila neno likakaa mahali pake, bila ya kumwuliza mtu "nini?" na bila ya kumwonea haya yeyote. Dakika tatu zatosha: unakula nini, jirani yako ni nani, kazini kulitokea jambo gani la kuchekesha. Na anayerikodi azime kiyoyozi kwanza.